Ekipi kwanza, nyavu baadaye: historia ya uvuvi wa usiku kwetu Fizi



Mwezi wa tisa, mbalamwezi ilipokwisha na usiku wa giza kurudi, tuliomba nafasi katika ekipi moja ya Baraka tukalale nayo ziwani. Tulikuwa watu tisa: mzee mwenye pirogi, watoto wake wawili, shemeji yake, majirani watatu, na sisi wawili wa chama. Mmoja wetu alibeba daftari. Alirudi nalo limelowa, kurasa zimeshikamana, kwa hiyo mengi ya humu tunayaandika kwa kichwa, pamoja na yale wazee walituambia baadaye pale mwalo.

Hatukwenda kutembea. Mnajua kwamba mkutano mkuu uliahirisha uamuzi juu ya kasha la uvuvi. Wengine wanataka kila familia iliyorudi ipate kipande chake cha nyavu, ili kusiwe na upendeleo. Wengine wanasema ile njia ilikwisha jaribiwa na matunda yake tuliyaona. Tukaombwa tuandike historia: kwetu watu walivua namna gani zamani, wakati wa vita, kambini, na tangu turudi. Hiki ndicho tulichokipata. Tunasema mapema kwamba tuna upande wetu, na mtauona.

Kwa wale ambao hawajafika kwetu: Tanganyika ni ziwa refu, karibu kilomita 673 kutoka kaskazini hadi kusini, na kina chake kinafika mita 1,470. Nchi nne zinaligawana, Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, na sehemu kubwa kuliko zote ni ya Kongo. Lakini si maji hayo yote yenye samaki. Hewa ambayo samaki anaivuta ndani ya maji inaishia juu juu, kama mita 100 hivi upande wetu wa kaskazini. Chini ya hapo ni giza tu, samaki haishi. Njo maana mvuvi wa kwetu hatafuti kina. Anangoja usiku, wakati vidudu vidogo vya majini vinapanda, ndakala wanavifuata, na mikebuka nao wanafuata ndakala. Ukiweka mwanga juu ya maji, wote wanakusanyika. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haina nguvu, samaki wanatawanyika. Basi kila mwezi kuna siku za kukaa nchi kavu: kushona nyavu, kulipa madeni, na kugombana nyumbani.

Tulitoka saa kumi na moja jioni. Pirogi tatu zimefungwa pamoja kwa miti, nyavu imekunjwa katikati, taa zimefunikwa na mfuko wa plastiki, na betri ya pikipiki imewekwa ndani ya beseni ili isiguse maji. Upepo wa kusini, ule unaosumbua tangu mwezi wa tano, ulikuwa umepungua. Kijana mdogo wa mzee, yeye alizaliwa Lugufu, alikaa katikati kabisa na kushika mti kwa mikono miwili.

Mzee akamwangalia. "Wewe, ule mti hauendi popote."

"Papa, mimi najishikilia tu."

Watu wakacheka, na sisi tukacheka pia, ingawa mmoja wetu alikuwa ameshika mti wa upande wa pili kwa namna ile ile.

Kabla ya taa, ilikuwa moto. Wazee walitueleza uvuvi wa lusenga, nyavu kama mfuko mkubwa iliyofungwa kwenye duara la mti, yenye mpini mrefu. Usiku wanawasha kuni au matete mbele ya pirogi. Mmoja anachunga moto, mwingine anapiga kasia polepole bila kelele, na wa tatu anasimama na lusenga. Ndakala wakijaa chini ya mwanga, anaichovya na kuinua. Shikeni jambo hili: hata wakati ule, kwa chombo kidogo kuliko vyote, mtu mmoja hakuweza. Moto, kasia na lusenga ni mikono sita. Na mikono hiyo ilikuwa ya baba na mtoto, ya shemeji, ya jirani mwenye mti mzuri wa kuchonga pirogi lakini hana nguvu tena ya kupiga kasia.

Februari 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Ujiji, na mwezi wa nne wakapanda pirogi kwenda mpaka Uvira. Walipita mbele ya Ubwari, na Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Ndugu zetu wa Ubwari wanaokuja Baraka sokoni kwa miguu wanajua ukweli ni upi. Ni rasi, imeshikana na nchi kavu. Angeuliza mtu yeyote aliyekuwa anapiga kasia angeambiwa. Pamoja na kosa lake, ghuba iliyo kati ya Ubwari na Baraka inaitwa kwa jina lake mpaka leo kwenye ramani. Tunaikumbuka hadithi hii kila mara tunapoenda lokalite fulani na fomu zetu, tunauliza maswali kumi na tano, na kupanda pikipiki kurudi.

Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1950. Wabelgiji walikuwa wamekwisha tuma watafiti kupima ziwa mwaka 1946 na 1947. Baadaye kidogo mambo matatu yakafuatana. La kwanza ni taa ya mafuta ya kupampu, ile ng'ambo wanaiita karabai, ambayo mwanga wake ni mweupe na hauzimwi na upepo mdogo. La pili ni nyavu ya kuinua: unafunga pirogi mbili au zaidi, unashusha nyavu chini kabisa kwa kamba za pembeni, unawasha taa juu yake, unangoja, halafu wote mnavuta pamoja. La tatu ni meli za wafanyabiashara Wagiriki, zenye nyavu ya kuzungusha na mashua ndogo za taa zilizofuata nyuma. Meli hizo zilichukua vijana wengi kama vibarua, na ndakala waliokaushwa walisafiri kwa treni kutoka Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, kwenda kulisha watu wa migodi ya Katanga.

Meli zile za viwanda zimefifia. Nyavu ya kuinua ndiyo imebaki, na pamoja nayo limebaki neno. Wazungu walisema équipe, kundi la kazi. Kwetu ikawa ekipi, na ng'ambo Kigoma neno hilo hilo ni kipe. Lakini sikilizeni watu wanavyolitumia. Mtu akisema "ekipi ya fulani imevunjika", unaweza kufikiri miti imekatika. Mara nyingi anataka kusema watu wamegombana. Na akisema "ekipi imeingia", anasema watu, pirogi, nyavu na samaki kwa mara moja. Lugha yenyewe haitenganishi chombo na wanaokishika. Sisi tuliosoma unive tulihitaji miaka mingi na hasara moja kubwa kuelewa kitu ambacho kila mama wa mwalo anakisema kila asubuhi.

Tusimame kidogo kwa ndakala wenyewe, juu ya hadithi yao ni sawa na yetu. Ziwa Kivu halikuwa na samaki wa namna hiyo. Kati ya 1958 na 1960 walichukuliwa vifaranga kutoka Tanganyika wakapelekwa kule. Zilipelekwa aina mbili. Moja ilishindwa, nyingine ikazoea. Leo mtu wa Bukavu au Goma anakula sambaza na kufikiri ni samaki wa kwao tangu uumbaji. Miaka ya 1967 na 1968 wakapelekwa tena mbali zaidi, Ziwa Kariba, kule wanaitwa kapenta. Mzee mmoja alipotusikia tukieleza hivyo alisema kwamba basi huyo ndakala ni mkimbizi aliyepata, ndiyo sababu hakurudi.

Sisi tulirudi. Lakini kabla ya kurudi, tulikimbia, na tulikimbia kwa pirogi.

Wazee wanahesabu kutoka 1964. Mwaka ule maji ya ziwa yalipanda sana baada ya mvua kubwa za miaka ile, na vita vya Mulele vikapanda pamoja nayo. Fizi ikawa nchi ya maki. Wale waliosoma wanakumbuka kwamba Che Guevara alivuka kutoka Kigoma mwezi wa nne 1965, akaondoka kwa njia ile ile ya maji mwezi wa kumi na moja. Vitabu vinamtaja yeye. Wachache wanauliza ni nani waliojua maji, upepo na mahali pa kufikia usiku bila taa. Katika miaka iliyofuata, familia nyingi ziliishi nusu milimani nusu ziwani: mihogo juu, samaki chini, na njia ya katikati ikifungwa na askari wa upande huu au ule.

Halafu 1996. Mwezi wa kumi vita vilifika Uvira na kushuka kusini. Watu wa kwetu wakaingia ziwani. Hapa hatuna haja ya kueleza sana, kwa sababu wengi mnaosoma mlikuwemo, na wengine mna watu ambao hawakufika. Tunataka kusema jambo moja tu la historia ya uvuvi: pirogi zilizobeba ndakala ndizo zilizobeba watu. Ekipi zilikata kamba za nyavu zikaziacha mchangani ili kupata nafasi ya watoto na magodoro. Mzee wetu wa usiku ule alisema kwamba aliacha nyavu ya mita nyingi, mpya, ambayo deni lake lilikuwa bado halijaisha. Mpaka leo anaikumbuka hiyo nyavu kuliko nyumba. Tulimwuliza kwa nini. Akasema nyumba alijenga peke yake, lakini nyavu ile walishona watu sita, na katika hao amebaki yeye.

Ng'ambo, Nyarugusu ilifunguliwa 1996 na Lugufu mwaka uliofuata. Wengine wakarudi mapema. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, meli ya Liemba ilirudisha zaidi ya watu 75,000 kwa safari 22 kati ya Kigoma na Uvira. Meli hiyo ina historia yake: Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe, Waingereza wakaiinua 1924. Lakini mwezi wa nane 1998 vita vikaanza tena, na tuna wanachama waliorudi kwa Liemba na kukimbia mara ya pili kabla ya mavuno ya kwanza.

Kambini hakuna ziwa. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo chanzo cha shida ya leo. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 bila kibali. Mvuvi aliyeshika kamba tangu ana miaka saba akawa mpanga foleni ya unga wa mahindi, dengu na mafuta. Ndakala walifika kambini wamekauka, ndani ya mifuko, mikononi mwa wamama waliojua kuchuuza. Ni wao walioshika uzi wa kazi yetu wakati wanaume hawakuwa na maji. Walijua bei ya Kigoma, walijua ndakala waliokaushwa juu ya mchanga na waliokaushwa juu ya vichanja, walijua nani anakopesha. Watoto walikua wakijua samaki kama kitu kinachouzwa kwa kopo. Kijana wa miaka kumi na mbili aliweza kukutajia wachezaji wote wa timu ya Uingereza, lakini hakuwahi kuona mto unaoingia ziwani.

Mwezi wa kumi 2005 safari rasmi za kurudi Fizi zilianza, meli ikifika Baraka. Lugufu ilifungwa 2009. Waliorudi walipewa chakula cha miezi michache, blanketi, sufuria, plastiki ya kufunika nyumba, jembe, na vyandarua. Mashamba mengi yalikuwa na watu wengine, na mnajua kesi hizo, nyingine ziko kwa machefu mpaka leo. Ziwa halina mpaka wa miti wala nguzo, ndiyo maana wengi walisema: shamba litakawia, twende majini kwanza.

Hapo ndipo tunafika kwenye kosa letu, na tunaliandika hapa kwa sababu wafadhili wanasoma pia.

Kulikuwa na mradi wa shirika moja, jina halina faida tena, wa kugawa vifaa vya uvuvi kwa waliorudi. Sisi wa chama ndio tulioandika liste. Tuliandika kwa haki, au tuliona hivyo: kila familia mstari mmoja, kila mstari kipande kimoja cha nyavu na roli moja ya kamba. Picha zilipigwa. Watu walishukuru, na kushukuru kwao kulikuwa kwa kweli. Lakini kipande kile kilikuwa kifupi mno kwa nyavu ya kuinua, na macho yake yalikuwa makubwa mno kwa ndakala. Ilikuwa nyavu ya kutega samaki wakubwa kando kando, kazi nzuri kwa mwenye pirogi yake. Wengi wa liste hawakuwa na pirogi. Mjane hakuwa na wa kuvuta naye. Kijana wa kambini hakujua nyavu inashushwa upande gani wa upepo. Kabla mwezi wa pili haujaisha, tuliziona zile nyavu zimezunguka bustani za mboga kuzuia kuku, na nyingine zikauzwa kwa watu waliokwisha kuwa na nyavu tano. Wengine, walipokosa nyavu ya ndakala, walishona vyandarua pamoja na kukokota kando ya ufuko, wakitoa vifaranga visivyojaa hata ukucha. Tukawakemea. Tulikuwa na haki ya kuwakemea? Chandarua ndicho kitu pekee tulichowapa chenye macho yanayoshika ndakala.

Hakuna aliyeiba, na hilo ndilo linalouma. Mwizi angekuwepo, tungemfukuza, tukaendelea na liste ile ile.

Kosa lilikuwa kufikiri kwamba kilichopotea vitani ni vifaa. Vilipotea, ndiyo. Lakini kilichovunjika kwanza ni ekipi: wale sita walioshona nyavu moja. Mmoja alibaki Nyarugusu, mwingine akapelekwa Marekani na watoto wake, mwingine yuko Lubumbashi, wengine wamekufa. Ukimpa aliyebaki nyavu, umempa sehemu ya sita ya kitu.

Turudi ziwani. Saa mbili usiku tulishusha nyavu na kuwasha taa. Siku hizi ni taa ndogo za umeme, si karabai tena. Hazili mafuta, lakini betri ikichoka hakuna wa kuipampu. Tuliwaona ekipi wengine kwa mbali, mstari wa nyota chini ya nyota. Mara ya kwanza tulivuta karibu bure: ndakala wa kujaza sufuria moja, na kaa wawili. Shemeji akasema ni juu ya wageni wa chama. Mara ya pili, nusu beseni. Kati ya mara ya pili na ya tatu, taa mbili zikaanza kuwa nyekundu.

Kijana akasema, "Papa, hii taa inakufa."

"Usiiguse. Ngoja kwanza."

"Waya ndio umelegea. Betri ingali nzima, nimeangalia."

Mzee akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Haya, shika. Lakini ukizima zote, utaogelea mpaka Kigoma."

Kijana alikuwa fundi wa simu kambini, tangu ana miaka kumi na tano. Aliacha ule mti aliokuwa anaushika tangu jioni, akatambaa mpaka kwenye beseni la betri, akakata waya kwa meno, akafunga upya. Mwanga ukarudi mweupe. Hakuna aliyesema kitu. Karibu saa kumi tulivuta mara ya tatu, watu tisa, na sisi mikono yetu iliyozoea kalamu ikachubuka. Kamba ilikuwa nzito tofauti. Nyavu ilipotokea juu ilikuwa inachemka, fedha tupu, na mikebuka kumi na moja wakirukaruka katikati. Mabeseni mawili na nusu. Kwa ekipi ya zamani si kitu cha kusifia. Wazee wanasema wazi kwamba samaki wamepungua, na wanasema sababu zao: nyavu zenye macho madogo, watu wengi, dhambi. Watafiti nao waliandika mwaka 2003 kwamba maji ya ziwa yamepata joto katika karne iliyopita, hayachanganyiki vizuri kama zamani, na chakula cha samaki kinachopanda kutoka chini kimepungua. Nchi nne zina mkataba wa pamoja tangu 2003, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kutoka 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazae. Ndakala anaishi muda mfupi, kama mwaka mmoja hivi, kwa hiyo akiachwa anarudi upesi. Wavuvi wetu hawakatai kupumzisha ziwa, walikuwa wanapumzika kila mbalamwezi tangu babu zao. Swali lao ni moja: katika miezi hiyo mitatu, mtoto atakula nini, na ni nani atakayemwambia yule mwenye bunduki aache kuvua? Ekipi yenye akiba inaweza kungoja. Mtu mmoja mwenye kipande chake cha nyavu na deni la unga hawezi, ataingia usiku kwa siri na chandarua.

Tulifika mwalo jua likitoka. Mwalo wenyewe si ule wa zamani. Tangu 2020 maji yamepanda, yamekula nyumba na barabara Uvira, Baraka na Kalemie, na pale ambapo mzee alikuwa anaanika ndakala kabla ya vita sasa pirogi inapita juu yake. Wazee hawashangai sana. Wanasema ziwa linapumua. Na kweli, mwaka 1878 maji yalifika juu kuliko hapo, mpaka yakafungua njia kwenye mto Lukuga na kushuka tena. Lakini mwaka ule hapakuwa na hospitali wala shule kando ya maji.

Wamama walikuwa wanangoja na mabeseni. Wawili kati yao walikuwa wamelipia petroli ya safari ile, kwa hiyo walipimiwa wa kwanza, na bei waliitaja wao. Kilichobaki kiligawanywa kwa desturi ya ekipi ile: kwanza gharama, halafu nusu ya chombo, ambayo inashona nyavu na kulipa betri, na nusu ya watu, fungu sawa kwa kila aliyevuta. Anayejifunza anapata nusu fungu. Sisi tulikataa fungu letu, tukalazimishwa kuchukua mikebuka wawili.

Ndipo ugomvi ukazuka. Mkubwa alimhesabia mdogo wake nusu fungu, kama mwanafunzi. Mdogo akasema taa nani alizitengeneza? Mkubwa akasema taa si kamba. Jirani mmoja akaingia upande wa mdogo, shemeji upande wa mkubwa, na mama mmoja mwenye beseni akawaambia wote wanyamaze, ndakala wanaoza. Mzee alikuwa anaosha nyavu. Alikuja, akachukua konzi mbili kubwa kutoka fungu la chombo, si la watu, akazitia kwenye sahani ya kijana. Hakueleza. Baadaye tulipomwuliza, alisema taa ni za chombo, basi fundi wa taa alipwe na chombo. Kuvuta bado ni mwanafunzi. Mwezi ujao wataangalia tena.

Tumeandika habari hiyo ndogo kwa urefu kwa sababu hatukuikuta katika fomu yoyote tuliyowahi kujaza. Katika ekipi ile kulikuwa na mzee wa kabla ya vita, kijana wa Lugufu, jirani ambaye hakukimbia kamwe na aliyekalia shamba la shemeji mpaka walipopatanishwa, na wamama wenye mtaji. Hakuna mradi uliowaweka pamoja. Waliwekwa pamoja na uzito wa kamba.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa mkutano mkuu ni hili. Kasha la uvuvi lisigawe nyavu kwa familia. Likopeshe ekipi, ekipi iliyokwisha jiandika yenyewe, yenye majina ya wavutaji, ya wamama wanaokausha, na angalau kijana mmoja anayejifunza, na ituambie fungu lake ni kiasi gani. Nyavu iwe ya macho yaliyokubaliwa, na mkopo urudishwe kila mwezi isipokuwa miezi ya kufunga ziwa. Tunajua litakaloulizwa: na mjane asiye na mtu? Tulimwuliza mjane mmoja aliyekuwa kwenye liste yetu ya zamani, yule ambaye nyavu yake ilizunguka bustani. Alisema hataki nyavu. Anataka pesa za petroli, apimiwe wa kwanza.

Daftari la ekipi liko ofisini, kwa katibu, kila siku isipokuwa Jumapili. Mpaka tunapoandika, ekipi nne za Baraka zimejiandika, na moja ya wamama peke yao. Ubwari hawajaleta yao. Wakija kwa miguu siku ya soko, wapite.